Alama mbovu za darasa la tisa: zinafunga mlango wa vyuo vikubwa Marekani?

MamaTumaini_TX (mwanzisha uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Naomba msaada wa wanaojua mambo ya udahili. Binti yuko darasa la 11 shule ya umma hapa Texas, ndiyo kwanza ameanza muhula wa pili. Aliingia nchini Agosti 2023, wiki mbili kabla ya kuanza darasa la tisa. Kabla ya hapo alisoma Tanzania: msingi hadi la saba kwa Kiswahili, na nusu ya kidato cha kwanza. Anataka uhandisi. Matokeo yake, nikihesabu kila muhula peke yake:

Darasa la 9: A 2 (zote za michezo), B 3, C 6, F 1. Hiyo F ni aljebra ya kwanza, muhula wa pili. Kiangazi aliurudia muhula huo, akapata B.
Darasa la 10: A 6, B 5, C 1.
Darasa la 11, muhula wa kwanza: A 5, B 1. Humo kuna AP mbili (kozi za ngazi ya chuo zinazosomwa sekondari), Kiingereza na historia. Hesabu sasa yuko aljebra ya pili.

Maswali: (1) Vyuo vinavyochuja sana vinahesabu darasa la tisa au vinalisamehe? (2) Aandike insha yake kuu kuhusu ile F? (3) Aombe mapema Novemba au asubiri Januari? Kila ninayemuuliza ana jibu lake, na wote wanalitoa kwa uhakika.

---

Hesabu_Kwanza

Mama Tumaini, heshima yako. Wanakupa majibu tofauti kwa sababu swali la kwanza lina majibu zaidi ya moja. Hakuna "GPA" (wastani wa alama) moja. Transkripti (karatasi ya alama zote) ni ileile, lakini kila chuo huisoma kwa kanuni yake. Nimechukua alama ulizoweka, nikachukulia kwamba muhula huu atarudia A 5 na B 1. A ni 4, B ni 3, C ni 2, F ni 0; desimali nazikata baada ya tarakimu mbili bila kuzikadiria juu.

Darasa la 9: pointi 29 kwa mihula ya kozi 12, yaani 2.41. Kiangazi: pointi 3 kwa 1. Darasa la 10: 41 kwa 12, yaani 3.41. Darasa la 11: 46 kwa 12, yaani 3.83.

Ukijumlisha vyote, F ikibaki na B ya kiangazi ikiwekwa pembeni yake, ni 119 kwa 37: 3.21. Kama shule yenu inaifuta F na kuweka B mahali pake, ni 119 kwa 36: 3.30. Ukihesabu kwa kanuni ya University of California (UC), ambayo huanzia kiangazi baada ya darasa la 9 na kuishia kiangazi baada ya darasa la 11, F haimo kabisa lakini ile B ya kiangazi imo: 90 kwa 25, 3.60. Ongeza pointi za AP, kozi mbili mara mihula miwili, na inakuwa 94 kwa 25: 3.76.

Mtoto mmoja, namba nne, na kutoka ya chini hadi ya juu ni zaidi ya nusu pointi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "je, ataingia?" uliza kwanza "chuo hiki kinahesabu vipi?"

Sasa upande usiopendeza. Vyuo vingine huondoa michezo na kozi nyepesi, vikabaki na Kiingereza, hesabu, sayansi, jamii na lugha. A zake mbili za darasa la tisa ni za michezo. Ukiziondoa, mwaka ule unabaki na 21 kwa 10, yaani 2.10. Msishangae chuo kikiandika namba ya chini kuliko ile iliyo kwenye karatasi ya shule.

Na wastani wa jumla ni mzito kusukuma. Hata akipata A tupu muhula wa kwanza wa darasa la 12, kozi sita, jumla inakuwa 143 kwa 43: 3.32. Imepanda kwa kama 0.11 tu. Ndiyo maana kumwambia mtoto "pandisha GPA" ni kumchosha bure. Kinachoweza kubadilika kwa haraka ni picha ya mwaka mmoja mmoja: 2.41, 3.41, 3.83. Msomaji wa maombi anaona mihula ikifuatana mmoja baada ya mwingine, na macho yake huenda kwenye mistari ya mwisho.

---

KaratasiNyeupe

Nakubaliana na hesabu za mkuu hapo juu, ila UC isimdanganye mtu. Kuna mambo manne kabla hamjaifurahia hiyo 3.76.

Kwanza, mko Texas. Asiye mkaazi wa California anatakiwa awe na angalau 3.4 kwa kanuni yao, mkaazi ni 3.0. Binti anapita, lakini hicho ni kizingiti cha kuruhusiwa kusomwa, si cha kukubaliwa. Kwenye kampasi zake za Berkeley na UCLA, wanaokubaliwa wako juu sana ya hapo.

Pili, kwa shule zilizo nje ya California, nyongeza ya pointi inatolewa kwa AP, IB (programu ya kimataifa ya sekondari) na kozi za chuo. Kozi ambazo shule imeziita "honazi" yenyewe hazipati nyongeza, hata kama kwenye transkripti ya Texas zina uzito (pointi za ziada). Nyongeza ina kikomo cha mihula 8, na isiyozidi 4 itoke darasa la 10.

Tatu, kutohesabiwa si kutoonekana. Fomu ya UC inamtaka mwombaji aandike mwenyewe kila kozi na kila alama kuanzia darasa la 9, pamoja na F na marudio yake. Hapa ndipo watu huangukia. Mtoto anaona "nimeirudia, basi nimeifuta", anaandika B tu. Akikubaliwa, transkripti ya mwisho inafika kiangazi, F inaonekana, na nafasi inaweza kufutwa kwa udanganyifu. F iliyoandikwa haimwondoi mtu. Iliyofichwa ndiyo humwondoa.

Nne, pesa. UC haiwapi wasio wakaazi msaada wa karo kama inavyowapa watu wa kwake. Angalieni gharama kabla ya kulipia fomu.

Kuhusu marudio: UC hukubali alama mpya pale tu ya kwanza ilipokuwa D au F. C haiwezi kurudiwa ili iwe A, haitahesabiwa. Kwa hiyo zile C sita mziache zilale.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukijui. UC inadai miaka miwili ya lugha isiyo Kiingereza. Aliyesoma miaka miwili, kuanzia ngazi ya darasa la sita kwenda juu, katika shule inayofundisha kwa lugha nyingine, akiwa na alama za C au zaidi, ametimiza sharti hilo. Binti alisoma la sita na la saba kwa Kiswahili. Tafuteni ripoti zake za shule ya msingi, zigongwe muhuri, mzitafsiri. Na kwa upande wa Texas, muulizeni kaunsela (mshauri wa wanafunzi shuleni) kama wilaya yenu inatoa mtihani wa kupata krediti ya lugha bila kukaa darasani. Nafasi moja kwenye ratiba ya darasa la 12 ni mali: badala ya Kihispania cha kwanza anaweza kuweka fizikia.

---

Bwana_Ratiba

Mnazungumzia California wakati mama yuko Texas. Hapa kwetu darasa la tisa linauma kuliko kwingine, na sababu yake ni sheria.

Tangu 1997 wahitimu wa shule za Texas walio katika 10% ya juu ya darasa lao wana haki ya kuingia vyuo vikuu vya umma vya jimbo. UT Austin (Chuo Kikuu cha Texas, kampasi ya Austin) iliruhusiwa kubana: kwa miaka ya karibuni ilikuwa 6% ya juu, na kwa wanaoingia vuli 2026 na kuendelea ni 5%. Nafasi ya darasani inapangwa kwa alama tangu darasa la 9, na kwa kawaida inayotumika ni ile ya mwisho wa darasa la 11. Hakuna anayesoma maelezo hapo, ni namba tu. Mwenye 2.41 mwaka wa kwanza, katika shule kubwa, hataifikia 5%, hata akiwa nyota leo.

Kwa hiyo UT Austin ataomba kwa njia ya pili, ya kusomwa faili zima. Njia hiyo ipo, ila nafasi zake ni chache, kwa sababu walioingia kwa haki ya asilimia huchukua hadi robo tatu ya viti vya wakaazi. Na hata wenye haki ya asilimia wamehakikishiwa chuo tu; kozi wanayoitaka haimo katika hakikisho hilo. Uhandisi una mchujo wake.

Muulizeni kaunsela maswali mawili kwa barua pepe, ili jibu libaki kwenye maandishi: je, F iliyorudiwa inahesabiwaje kwenye nafasi ya darasani, na je, kozi za kiangazi zinaingia? Kila wilaya ina kanuni yake.

---

MamaTumaini_TX

Asanteni sana. Nimeuliza shuleni: wameacha alama zote mbili, kwa hiyo ni ile 3.21. Sijaelewa bado kuhusu insha, na kuhusu Novemba au Januari. Na vyuo binafsi je?

---

KaratasiNyeupe

Mama Tumaini, insha kuu isihusu F. Ina maneno 650 na ndiyo sehemu pekee ndefu ambayo binti anazungumza kama mtu, si kama mtahiniwa. Akiitumia kujitetea, msomaji anamaliza akiwa anajua aljebra ya darasa la tisa na hajui kingine chochote.

Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, ina mahali pawili pa kuelezea. Kuna kisanduku cha changamoto na mazingira ya mwombaji, maneno 250, si lazima kukijaza. Na kuna cha maelezo ya ziada, ambacho zamani kilikuwa 650 na kwa wanaoomba mwaka wa kwanza kimepunguzwa hadi 300 tangu msimu wa 2025–26. Achague kimoja. Akirudia jambo lilelile kwenye vyote viwili, linaanza kunuka kisingizio.

Na asijaze maneno yote. Yanatosha 80 hadi 120, kwa mpangilio huu: nini kilitokea, kilianza na kuisha lini, alifanya nini, na ushahidi uko wapi kwenye transkripti. Mfano, atakaouandika kwa Kiingereza:

*"Nilihamia Marekani Agosti 2023, wiki mbili kabla ya darasa la tisa, baada ya kusoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Mwaka ule nilikuwa bado najifunza Kiingereza, na katika aljebra nilikwama kwenye maswali ya maelezo kuliko kwenye hesabu zenyewe. Muhula wa pili nilipata F. Nilirudia kozi kiangazi kilichofuata na kupata B. Tangu darasa la kumi nasoma masomo yote pamoja na wanafunzi wa kawaida, na darasa la 11 nilichukua AP ya Kiingereza."*

Basi. Hakuna "naomba mnielewe", hakuna "mwalimu hakunipenda", hakuna "nimejifunza kwamba maisha ni mapambano". Sentensi ya mwisho inamrudisha msomaji kwenye transkripti akaangalie mwenyewe, na atakuta AP ya Kiingereza kwa mtu aliyekuwa hajui Kiingereza miaka miwili nyuma. Hilo lina nguvu kuliko kivumishi chochote.

Kama mfano huo si kweli kwake, asiunakili. Wasomaji wanalinganisha maelezo ya mtoto na barua ya kaunsela, na pengo likionekana kati ya hizo mbili linaharibu zote. Na ile C moja ya darasa la 10 asiieleze. Kueleza kila alama ni kumwonyesha msomaji mahali pa kuchimba.

Barua za walimu: vyuo vingi vya aina hii huomba mbili, hasa za waliomfundisha darasa la 11. Moja iwe ya hesabu au sayansi. Kwa rekodi hii mwalimu wa aljebra ya pili ana thamani kuliko mwalimu wa somo analolipenda zaidi, maana swali litakalokuwa kichwani mwa msomaji ni hesabu, na anayeweza kulijibu ni huyo. Aombwe kabla ya shule kufungwa Mei, si Septemba.

---

Hesabu_Kwanza

Naongezea tarehe na mitihani, maana hapo ndipo rekodi inayopanda hunufaika au hupoteza.

Mpango wa Early Decision unaomba Novemba 1 au 15, na ukikubaliwa umejifunga kusoma chuo hicho. Transkripti inayosomwa inaishia darasa la 11. Kwa binti maana yake ni miaka mitatu, na mmoja kati ya hiyo ni ule mbovu. Akisubiri maombi ya kawaida ya mwanzoni mwa Januari, kaunsela hutuma ripoti ya katikati ya mwaka, na muhula wa kwanza wa darasa la 12 unaingia mezani: muhula mmoja zaidi mzuri, tena wenye kozi ngumu kuliko zote. Vyuo vingine vina duru ya pili ya kujifunga, nayo ni Januari. Kama kuna chuo anachokitaka kuliko vingine na bei yake mmeipima, duru hiyo ya pili inawafaa wenye rekodi ya kupanda kuliko ya Novemba. Wengine watakuambia Early Decision huongeza nafasi, na ni kweli wanaoomba hapo hukubaliwa kwa kiwango cha juu, ila humo pia wamo wanamichezo walioitwa na watoto wa wahitimu. Usiisome asilimia ile kama punguzo la bei dukani.

UT Austin ni tofauti: tarehe zake ni Oktoba 15 ya mapema na Desemba 1 ya kawaida, na ya mapema haifungi mtu. UC hufunga karibu na mwisho wa Novemba, haisubiri alama za muhula wa kwanza wa darasa la 12 na haiangalii SAT wala ACT (mitihani ya kuombea vyuo) kabisa.

Hapo kwenye SAT kuna jambo. MIT ilirudisha sharti la mtihani 2022. Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech walitangaza kurudisha 2024. UT Austin pia. Kwa mwenye 3.21, mtihani ni rafiki. Alama ya darasa la tisa ilitolewa na mwalimu mmoja, katika shule moja, mtoto akiwa na miaka 14. Alama ya juu ya SAT hesabu, au 5 (alama ya juu kabisa) kwenye mtihani wa AP, ni ushahidi kutoka nje kwamba lile tatizo limekwisha. Kwa chuo kinachoacha mtihani uwe hiari, tumia kanuni hii: atume kama alama yake iko kwenye nusu ya juu ya waliojiunga. Utaipata kwenye hati iitwayo Common Data Set, kifungu C9.

Hati hiyo vyuo vingi huitoa bure kila mwaka. Andika jina la chuo na maneno hayo matatu kwenye intaneti. C7 ni jedwali linalosema chuo kinathamini nini: ugumu wa kozi, nafasi darasani, GPA, mitihani, insha, kila kimoja kimewekewa alama kati ya "muhimu sana" na "hakiangaliwi". Chuo kilichoandika nafasi darasani kuwa "muhimu sana" kitamuumiza. Kilichoandika ugumu wa kozi "muhimu sana" na nafasi darasani "huangaliwa" tu kinamfaa zaidi. C12 inaonyesha wastani wa GPA ya waliojiunga. Kama waliojiunga karibu wote wako 3.75 kwenda juu, kiwekeni kwenye fungu la kubahatisha, na fungu hilo lisizidi vyuo vitatu au vinne. Common App inaruhusu hadi 20, lakini kila kimoja kina insha zake ndogo, na mtoto anayeandika insha 30 huku ana kozi ngumu atashusha alama zilezile anazozitegemea.

Kuhusu vyuo vinavyokubali chini ya watu 5 katika 100, kama Harvard: hakuna anayekataliwa kwa F moja peke yake, ila wanaoomba wenye A tupu ni wengi kuliko viti. Aombe kimoja kama roho inataka. Mpango usijengwe juu yake.

---

Bwana_Ratiba

Na darasa la 12 achukue nini? Hapo hamjagusa, na kwa uhandisi ndipo penye kesi.

Njia yake ya hesabu ni aljebra ya kwanza, jiometri, aljebra ya pili, kisha maandalizi ya kalkulasi darasa la 12. Anamaliza bila kalkulasi. Waombaji wenzake wa uhandisi wengi wanayo. Suluhisho ni kusoma maandalizi ya kalkulasi kiangazi hiki, kwenye chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) au programu ya wilaya, ili Agosti aingie AP ya kalkulasi. Kabla ya kulipa, pateni idhini ya maandishi ya shule kwamba kozi hiyo itamruhusu kuruka. Shule nyingine hukataa baadaye.

Tahadhari: kozi ya chuo cha jamii hufungua transkripti ya chuo, na transkripti hiyo haifi. C ya kiangazi hiki ataipeleka hata akiomba shule ya udaktari miaka sita ijayo. Kozi ya wiki tano au sita hubeba mzigo wa muhula mzima, kwa hiyo asifanye kazi ya kutwa kiangazi hicho. Akiona wiki ya pili inamzidi, aache kabla ya tarehe ya kujitoa bila kumbukumbu, maana baada ya hapo inaandikwa W.

Kosa lingine la wenye rekodi ya kupanda ni pupa. Alikuwa na AP mbili, sasa anataka tano ili "aonyeshe". Anapata C mbili, na mstari uliokuwa ukipanda unavunjika mwishoni, mahali pabaya kuliko pote. Tatu zinatosha: kalkulasi, fizikia, na moja anayoiweza.

---

Mvuka_Daraja

Hamjataja mlango wa pembeni, nao ndio pekee ambapo darasa la tisa hufifia kweli.

Anayehamia chuo baada ya mwaka mmoja au miwili ya chuo kingine huhukumiwa kwanza kwa alama za chuo. UT Austin hutaka angalau saa za krediti 24 kabla ya kumpima mtu kama mhamiaji. Wanaokataliwa mara ya kwanza wengine hupewa mpango wa CAP: unasoma mwaka katika chuo kingine cha mfumo wa UT, saa 30, GPA 3.2, kisha unahamia Austin. Ila nafasi hiyo ni ya kozi za sanaa na sayansi ya jamii. Uhandisi unaombwa upya na hauna uhakika. Familia nyingi hukubali CAP zikidhani ni njia ya uhandisi.

Kwa California, mpango wa uhakika wa uhamisho kutoka vyuo vya jamii vya huko una kampasi sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Maombi yake ni Septemba pekee, na hata humo baadhi ya kozi za uhandisi zimetolewa.

Vyuo binafsi hutofautiana. Vingi huomba transkripti ya sekondari hata kwa mhamiaji, na ikiwa una mwaka mmoja tu wa chuo bado ina uzito. Ukiwa na miwili uzito unashuka. Cornell hupokea wahamiaji wengi kwa kiwango cha vyuo vya aina yake. Princeton ilianza tena kuwapokea 2018, wachache sana. Idadi kamili iko kwenye kifungu D cha ile hati aliyoitaja mkuu.

Na pesa: tuzo za ufaulu za moja kwa moja kwenye vyuo vingi vya umma zinafuata jedwali la GPA ya jumla na SAT. Hapo hakuna kusoma maelezo. Kati ya 3.21 na 3.50 kunaweza kuwa na ngazi nzima ya tuzo. Piga simu ofisi ya misaada na uulize jambo moja tu: mnatumia GPA yenye uzito au isiyo na uzito? Yake yenye uzito ni kubwa zaidi.

---

MamaTumaini_TX

Mungu awabariki. Swali la mwisho: kaunsela ana wanafunzi mamia, binti amemwona mara mbili tu. Barua yake itakuwa na nini?

---

KaratasiNyeupe

Itakuwa na mtakachompa. Binti aandike ukurasa mmoja, ampelekee mkononi kabla ya katikati ya Mei. Juu: tarehe ya kuingia nchini, lugha aliyosomea, na lini alitoka kwenye madarasa ya Kiingereza kwa wageni. Katikati: jedwali dogo la wastani wa kila mwaka, 2.41, 3.41, 3.83, pamoja na kozi iliyorudiwa. Chini: kozi za darasa la 12 na sababu ya kuzichagua, kisha sentensi mbili kuhusu majukumu ya nyumbani kama yapo, mathalani kulea wadogo au kuwatafsiria wazazi hospitalini na benki.

Aombe mambo mawili kwa adabu. Moja, kaunsela aeleze uhamisho wa nchi ndani ya barua yake, ili binti asilazimike kuusema peke yake. Mbili, kwenye ripoti ya shule kuna swali linalomtaka kaunsela apime ugumu wa kozi za mwanafunzi akilinganishwa na wenzake. Kaunsela mwenye haraka huangalia miaka yote minne na kumweka daraja la kati. Amuulize mapema: "Nikichukua kalkulasi na fizikia mwaka ujao, utaniweka wapi?" Jibu lolote atakalotoa, bado mtakuwa na muda wa kubadilisha ratiba kabla haijafungwa.